Dinosaria Wasio na Chama

Jaribu Nyange wa kijiji cha Wambaa, Pemba, alikuwa na kiapo kimoja tu, na alikiapa kila mahali: msikitini, dukani, hata hospitali alikokwenda kung'olewa jino na mdomo umejaa pamba. Aliapa kwamba yeye hana chama, vitu vyake havina chama, na anayemtafutia chama ndani ya vitu vyake amwache apumzike. Hapakuwa na hata mmoja aliyemwamini. Jambo hilo lilimkondesha kuliko njaa, na mkewe, Bi Mwatum, alishachoka kumpunguzia suruali kiunoni.

Na wala hakuwa mtu wa kushukiwa. Alikuwa mfupi wa miaka hamsini na minane, mwenye sauti kubwa isiyolingana na kile kifua chake. Ujanani alikwenda dago na Wakojani, yaani zile safari za wavuvi kuhamia pwani za mbali miezi na miezi. Alikwenda kama mpishi, kwa sababu kila alipopanda chombo alitapika. Huko kambini, wenzake wakishakula, yeye aliwaigizia watu: nahodha anayempigia mkewe simu ya posta, karani wa mjini Unguja anayejifanya haoni foleni, mwanamke wa Chokocho anayegombana na kuku wa jirani. Wavuvi walicheka hata wakasahau kwamba wali umeungua.

Basi video zilipoingia Pemba, Jaribu alijua kazi yake. Alinunua televisheni, deki, spika mbili na jenereta, akajenga banda la makuti uani, akasimama pembeni na kipaza sauti kuwatafsiria watu. Je, alijua Kichina? Hakujua. Kihindi? Maneno manne, na mawili ya matusi. Lakini kila filamu aliitazama kwanza mara tatu akiwa peke yake, sauti ameifunga, na kila mtu aliyemwona mle ndani alijiuliza swali moja: huyu, angezaliwa Pemba, angekuwa wa kijiji gani? Akishapata kijiji, maneno yalikuja yenyewe. Jambazi la Kichina likawa la Chake, polisi akawa kijana wa Unguja mwenye kukata maneno, na bibi mkali wa Kihindi akasema kama mamake Bi Mwatum, jambo lililomletea Jaribu matatizo yake mengine ambayo hayamo katika hadithi hii.

Kisha vikaja vyama vingi, na watu wakaharibika akili. Ndivyo alivyosema Jaribu, nami sina la kumpinga. Mtu alipita maduka matatu akitafuta sukari ya mwenzake wa chama. Mtu alialikwa harusi, akauliza kwanza mpishi ni wa wapi. Ukinunua kanga ya rangi fulani, shughuli, na ukiifua ukaianika, shughuli mara mbili. Uchaguzi wa mwaka 2005 ulipokaribia, chama tawala kilikuja kukodi spika za Jaribu kwa mkutano wa Jumamosi, akawapa. Wapinzani wakaja kuzikodi kwa mkutano wa Jumapili, akawapa. Yeye aliona ametenda haki mpaka ukingoni.

Mkwewe hakuona hivyo. Mbarouk, mume wa binti yake Asma, alikuwa katibu wa tawi la wapinzani, kijana mrefu asiyecheka kabla ya saa sita. Mkwe wake mwenyewe kuwapa wale sauti ya kumtukania! Tangu Jumamosi ile Mbarouk hakukanyaga tena uwanja wa Jaribu. Asma aliruhusiwa kuja kwao kwa ugonjwa na msiba tu, tena peke yake. Mtoto wao, Maisa, alizuiwa kabisa. Wakati ule alikuwa na miaka minne, na kila alasiri alikuwa akilala juu ya tumbo la babu yake huku babu akimwigizia paka.

Sasa Maisa alikuwa na miaka saba. Baina ya nyumba hizo mbili ni mwendo wa kula embe moja na kulimaliza. Jaribu alimwona akipita kwenda skuli na buibui lake dogo jeupe, na alipomwita, mtoto alitazama chini na kuongeza mwendo, kama alivyofundishwa. Jambo hilo lilimuuma mzee mpaka akaacha kukaa barazani asubuhi. Akaanza kukaa uani akiwafokea kuku.

Mwaka 2008, miezi miwili kabla ya Sikukuu ya Mfunguo Tatu, Idi ya kuchinja, palitokea msiba wa jirani, na Asma akapata kukaa na babake dakika tano.

"Mtoto hajambo, baba," alisema. "Ila kashikwa na wazimu wa wale mijusi wakubwa wa zamani. Dinosaria. Kawaona katika kitabu cha skuli, basi kila karatasi ndani ya nyumba kawachora wao. Hata risiti za babake za tawi kazichora."

Jaribu hakulala kwa furaha. Wanyama waliokufa kabla ya vyama vingi. Waliokufa kabla ya chama kimoja! Kabla ya mkoloni, kabla ya sultani, kabla ya binaadamu yeyote wa kugombana naye. Nani, hata awe mzushi vipi, atawapachika chama hawa? Aliagiza Unguja, na baada ya wiki tatu sidii ikaletwa na meli hadi Mkoani: filamu ya katuni za kompyuta, ya dinosaria watupu, ya kutazamwa na wakubwa na watoto. Mpango wake ulikuwa huu: siku ya pili ya Sikukuu angewaonyesha watoto wote wa Wambaa bila kiingilio. Watoto wote wakija, Mbarouk angeona haya kumfungia wake mmoja.

Filamu yenyewe haikuwa na ugumu wowote. Mama dinosaria wa shingo ndefu anaishi bondeni na wanawe wawili. Mlima unapasuka moto, bonde linakauka, mama anawaongoza wanyama wote kutafuta maji. Njiani kuna mbio, kuna mto, kuna mtoto anayepotea akapatikana. Kuna pia jitu moja la meno, mikono mifupi kama vijiko, linaloiba mayai. Mwisho wanafika penye ziwa, wanakunywa. Jaribu aliitazama mara tatu kimya. Mama akamfanya wa Kojani, kwa ule utulivu wao. Watoto wakawa wa Wambaa. Jitu la meno likamsumbua siku nzima, kwa kuwa kila kijiji alichofikiria kilikuwa na mtu wa kununa. Mwishoni alilinyima maneno, likawa linanguruma tu.

Bi Mwatum alitazama naye mara ya tatu. "Hawa wafugwa wapi?" aliuliza.

"Hawafugwi. Wametengenezwa ndani ya kompyuta."

"Na mle waliingiaje?"

Jaribu alimwomba Mola subira, akazima jenereta.

Kosa lake lilikuwa kuwaonyesha watu wazima kwanza, Alhamisi moja alasiri, ili waende wakawatangazie watoto. Walijaa banda. Mambo yakaenda vizuri mpaka pale jitu la meno lilipokikuta kiota. Mama dinosaria alilala na mayai saba, akaamka na mayai manne. Mtu mmoja nyuma akasema polepole, "Yakhe, hizo si kura hizo?"

Kicheko kilichopigwa hapo kilisikika mpaka pwani. Watu walishikana mabega. Mzee mmoja alitoka nje akacheke vizuri, akarudi. Jaribu akapiga kelele kwenye kipaza sauti kwamba mayai ni mayai, nao wakazidi kucheka, wakimwambia, "Tumekufahamu, Mzee Jaribu, tumekufahamu, endelea."

Asubuhi yake, hata chai haijapoa, Mzee Silima wa tawi la chama tawala alikuwa barazani na bakora.

"Jaribu," alisema, "tumeishi kwa wema. Sasa unatuita wezi wa mayai?"

"Mzee Silima, lile ni dinosaria."

"Dinosaria gani anaiba usiku, asubuhi anatembea kifua mbele?"

"Dinosaria wa aina hiyo! Ndivyo walivyokuwa! Wameandikwa vitabuni!"

"Na rangi yake ya kijani, kama bendera yetu?"

"Wote kijani, mzee wangu. Mama kijani, watoto kijani, majani kijani. Nifanyeje miye, niwapake chokaa?"

Silima alisema wajukuu zake kumi na mmoja hawatakuja Sikukuu, akaondoka. Jaribu alikaa, akashika kichwa. Hakukaa sana, kwa kuwa adhuhuri zilikuja habari za upande wa pili, nazo zilikuwa mbaya zaidi. Huko maskani ya wapinzani walikuwa wameketi wakaipitia filamu kwa kusimuliana, na asiyeiona akawa ndiye hodari wa kuieleza. Wakaona kwamba mayai yalikuwa chambo tu. Tusi lenyewe limo katika ule mwendo. Mama wa shingo ndefu anawaongoza watu wake jangwani, wanatembea, wanatembea, kila kilima anasema tumekaribia, na hawafiki. Nani huyo kama si wao? Uchaguzi wa kwanza tumekaribia, wa pili tumekaribia, wa tatu tumekaribia. Jaribu kawacheka, tena kwa sauti ya Kikojani, ili iingie vizuri.

Mzee aliposikia hayo alizunguka ua mara tatu akisema peke yake. Amwonyeshe nani kitu gani sasa? Angeonyesha mchele unachemka, wangeuliza ni mchele wa chama gani. Alitamani kumpata mtu wa kwanza aliyeleta neno uchaguzi kisiwani, amkalishe mbele ya televisheni, amtafsirie filamu ya Kichina ya saa tano bila maji. Lakini zaidi ya hasira, moyo ulimshuka. Siku tisa zilibaki kufika Sikukuu, na mtoto ambaye filamu ililetwa kwa ajili yake alikuwa sasa mbali zaidi kuliko kabla ya filamu.

Jumamosi, baada ya alasiri kidogo, baiskeli ilisimama uwanjani. Mbarouk alikuwa ametoka kumchukua Maisa chuo cha Kurani, na ghadhabu ilimpeleka moja kwa moja asipitie nyumbani kwanza. Mtoto alikuwa bado juu ya kerieri, msahafu kifuani.

"Asalaam aleikum," alisema Mbarouk.

"Waaleikumu salaam," alijibu Jaribu, na sauti yake kubwa ikatoka ndogo.

"Sikuja kutembea. Nimekuja kwa jambo."

"Karibu na jambo lako."

"Nataka kuiona kwa macho yangu hiyo filamu. Nikishaiona nitajua la kuwaambia wenzangu."

Miaka mitatu na zaidi Jaribu alikuwa amepanga maneno ya kumwambia kijana huyu siku atakapokuja, na mengi hayakuwa ya kusemwa mbele ya mtoto. Alitaka kumwambia atoke. Alitaka kumwambia kwamba spika ni mbao na sumaku, kwamba sauti haina kadi. Badala yake alikwenda kuwasha jenereta, ikamgomea mara nne, naye akaipiga teke. Bi Mwatum alileta kahawa. Mbarouk akasema hanywi. Maisa akashushwa baiskeli, akaketi mkekani mbele kabisa, mikono magotini, kama mgeni.

Jaribu akaanza kutafsiri. Safari hii hakumpa mtu kijiji. Alisema kwa Kiswahili cha taarifa ya habari, neno baada ya neno, bila kupandisha wala kushusha, ili pasiwe na kitu cha kushikwa. Mama anasema njooni watoto. Mtoto anasema nina kiu. Mbarouk alikuwa amekunja mikono, macho makali, anatafuta.

Kilima cha pili hakijapita, Maisa akageuka.

"Babu," alisema, "mbona hawa wasema kama mwalimu mkuu?"

Neno la kwanza kumwambia tangu akiwa na miaka minne. Jaribu alimtazama Mbarouk, na Mbarouk akatazama televisheni. Basi mzee akavuta pumzi, na mama dinosaria akarudi Kojani, mtoto mdogo akawa mtundu wa Wambaa anayelalamika kwamba miguu minne yote yamuuma na hajui upi aanze kuupumzisha. Maisa akacheka. Alicheka kwa tumbo, akalala chali mkekani, na tangu hapo hakukaa tena kama mgeni. Alimsahihisha babu yake majina ya wanyama. Alimwambia yule wa pembe tatu hali nyama, babu asimwonee. Alipofika yule wa mikono mifupi, alisogea nyuma mpaka mgongo wake ukagusa magoti ya mzee, akabaki pale pale. Jaribu alitafsiri nusu saa nzima bila kuthubutu kuondoa goti, na mguu ukafa ganzi.

Wanyama walivuka mto, wakapanda mlima wa mwisho, wakaliona ziwa. Mbarouk alisogeza kichwa mbele.

"Wanafika," alisema.

"Wanafika," alisema Jaribu.

"Wenzangu hawakusema kama wanafika."

"Wenzako waliondoka wakati mayai yanaliwa."

Filamu ikaisha. Mbarouk akashusha pumzi, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyekwenda kudai akakuta hadai.

"Hamna kitu," alisema. "Ni wanyama tu. Nimetazama mwanzo mpaka mwisho, mwenyewe sikuona tusi. Nitawaambia tawini."

Miaka yote hiyo Jaribu alikuwa akisubiri mtu mmoja tu amwambie maneno hayo. Alifumbua mdomo amshukuru Mungu. Lakini Mbarouk alikuwa ameshasimama, anachukua baiskeli.

"Maisa, twende."

"Na Sikukuu?" aliuliza Jaribu. "Watoto wote watakuja. Ataletwa?"

"Keshaona, mzee. Aje tena kuona nini? Na watu wa Silima watakuwepo, si pahala pake." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu aliyemaliza kazi. "Mimi nilikuwa na jambo, na jambo limekwisha. Nikushukuru kwa kahawa."

Kahawa hakuinywa. Maisa alisimama polepole, akapangusa buibui, akachukua msahafu. Alikuwa ameanza tena kutazama chini.

Jaribu aliwaona wanafika ukingoni mwa uwanja. Akaona wazi, kwa mara ya kwanza, kwamba ukweli wake ule aliouapia kila mahali ndio unaomfungia mlango. Asiye na kosa hana wa kuja kumgombeza.

"Mbarouk," aliita. "Rudi. Kitu kipo."

Mbarouk akasimama.

"Kipo," alisema Jaribu. "Leo sikukusomea yote. Ile siku ya Alhamisi nilitia maneno mengine. Pale kwenye mwendo."

"Maneno gani?"

"Mengi. Yamo kila kilima. Siyakumbuki yote kwa pamoja."

"Kwa hiyo ulitutukana."

Bi Mwatum, aliyekuwa mlangoni na sinia, alifumbua mdomo, na mumewe akamkata kwa jicho.

"Niliwatukana," alisema Jaribu Nyange.

Mbarouk alirudi hatua tatu. "Unajua unachosema, mzee? Nikilifikisha hili tawini, hapana mtu wetu atakayeleta mtoto hapa Sikukuu. Silima keshakataza wake. Utamwonyesha nani?"

"Najua."

"Na jina lako?"

"Jina langu mwalitumia nyie miaka yote hii bila kuniuliza. Nimekwambia kitu kipo. Si ndicho ulichokuja kukitafuta? Basi kitafute vizuri. Njoo kesho alasiri tukipitie kipande kwa kipande, hiki kilima leo, kile kesho. Na mtoto umlete. Yeye ndiye anayewajua wale kwa majina, miye nawachanganya."

Mbarouk alimtazama mkwewe, kisha akamtazama Maisa, ambaye alikuwa ameacha kutazama chini. Akakuna shingo.

"Vilima viko vingapi?" aliuliza.

"Sijavihesabu," alisema Jaribu. "Vingi."

"Basi kesho," alisema Mbarouk, akampandisha mtoto kwenye kerieri. "Na kesho kutwa pia, kwa maana jambo kama hili halifanywi kwa haraka."

Walipokwenda, Jaribu alijitupa mkekani, akaanza kuusugua mguu wake wenye ganzi. Mkewe alikuja akasimama juu yake.

"Wewe," alisema Bi Mwatum, "miaka yote umetuchosha na kiapo chako, leo wajitia tusi usilolitoa. Sasa hiyo kesho utamwambia ulisema nini?"

"Ndiyo nikuulizayo. Mie matusi ya siasa siyajui, sikupata kuyatukana. Keti hapa unisaidie kutunga moja, mke wangu, na liwe refu."